Tofauti Iliyogoma Kushuka

Mizani ilitoa thelathini na nane, na Ndekirwa akaitukana kwa Kichaga.

Akageuka haraka kutazama mlangoni, maana mashine haina masikio lakini Daktari Senzighe anayo, tena ya kusikia mpaka unachokiwaza. Hakukuwa na mtu. Basi akarudia kipimo. Kichupa cha damu ya Namsifu upande wa kushoto, kichupa cha damu ya kioo wake upande wa kulia, kifuniko chini, kitufe. Akasubiri huku akijitafuna kucha. Mizani ikanguruma kidogo, ikatulia, ikaandika kile kile: thelathini na nane.

"We mama, unanifanyia nini jamani?" alisema, na hata yeye mwenyewe hakujua anamwambia mama yupi.

Kipimo kilichopita kilitoa thelathini na moja. Cha kabla yake, ishirini na tano. Sasa hebu niambie. Mtu ametolewa uvimbe kwenye ini, kidonda kimefunga vizuri, anatembea uani, anagombana na kila anayepita. Tofauti yake ilitakiwa ishuke mpaka chini ya kumi, aitwe safi, afungashe virago arudi kwao. Ya Namsifu ilikuwa inapanda kama ina hasira na mtu. Na tofauti ikipanda maana yake ni moja, kila mpimaji wa kituo kile alifundishwa hivyo siku anaanza kazi: kuna kipande cha saratani kimebaki ndani, kinakula.

Saratani ni mlafi. Inachoma sukari kwa fujo, inatema asidi, inavuruga mafuta na protini kwa namna ambayo mwili wenye adabu zake haufanyi, na takataka zote hizo inazimwaga kwenye damu. Ukijua kuzisoma unaiona ikiwa bado ndogo kuliko punje ya ulezi. Shida ni kwamba chakula nacho kinapiga kelele kwenye damu. Ukila maharage jana, leo damu yako nzima inaongea maharage, na sauti ya ugonjwa haisikiki. Ndiyo maana kila mgonjwa alikuja na kioo: mtu wa nyumba yake, mzima wa afya, ambaye baada ya upasuaji alikaa naye kwenye kijumba kimoja nyuma ya kituo, wakapika chungu kimoja, wakala pamoja, wakalala na kuamka pamoja. Damu zao zikiingia kwenye Mizani, mashine inaitoa hii kwenye ile. Maharage yanafuta maharage, usingizi unafuta usingizi, baridi ya milimani inafuta baridi ya milimani. Kinachobaki ndiyo tofauti, na tofauti ni ya mgonjwa. Ndivyo walivyofundishwa.

Daktari Senzighe aliingia akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, ambaye hakuwahi kuonekana ameketi.

"Imetoka?"

"Imetoka."

Aliisoma mwenyewe, akashusha pumzi. "Alhamisi namkata tena."

"Daktari, ini lililobaki ni dogo."

"Nalijua ukubwa wake, nimelishika kwa mkono wangu."

"Anaweza asiamke."

"Anaweza," alisema Daktari Senzighe, na hakusema kwa ukali. "Na nikimwacha na hicho kinachokua humo, hataamka vilevile, ila polepole na kwa maumivu. Wewe ungenishauri nini?"

Daktari akaelekea mlangoni, akasimama.

"Wanakula sawa wale? Chungu kimoja, sahani sawa?"

"Wanakula sawa," alijibu Ndekirwa. Hapo alikuwa ameficha jambo moja, na shavu likamwasha.

*

Tusifichane: Ndekirwa alikuwa mtu wa kula. Na sheria ya kituo ilisema mpimaji haruhusiwi kuonja hata kijiko kwenye nyumba za chungu. Lakini waliotunga sheria ile walikaa mjini, hawakujua Mpare na Mchaga wakikutana kunakuwaje. Wale ni watani. Mtani hakaribishwi, anaingia jikoni mwenyewe na kufunua sufuria, na akikataa chakula chako maana yake ana neno na wewe. Namsifu na kioo wake walikuwa Wapare wa ndani kabisa, wa makande asubuhi, makande mchana, na jioni makande yaliyopashwa moto. Tangu walipofika, Ndekirwa alikuwa hapiti pale bila kupewa sahani.

"Hodi!"

"Mchaga huyo! Wifi, ficha sufuria!" Namsifu alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake cha uani. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mbuzi mlima wa pili.

"Ufiche nini? Mpare tangu lini akawa na kitu cha kuibiwa?" Ndekirwa alijibu, lakini utani ulitoka umepoa, na Namsifu akaunusa.

"Sema."

Akasema. Thelathini na nane. Alhamisi.

Namsifu alishika ubavu wake wa kulia, pale penye kovu, kama vile mtu ameshanyoosha kisu. "Sikatwi," alisema. "Mtani, nakuambia mapema, sikatwi. Jana nimepanda mpaka kwenye tangi la maji nikashuka sijahema. Nalala, nakula, najamba kama punda. Mgonjwa gani huyo?"

"Damu inasema..."

"Damu yangu inasema nini ambacho mimi mwenyewe sikisikii? Naogopa, unanielewa? Mara ya kwanza sikuogopa kwa sababu nilikuwa naumwa. Sasa siumwi, na mnataka kunilaza tena mezani!" Sauti yake ilikatika katikati, akageuza uso upande wa migomba.

Ndekirwa naye alimwona mzima. Macho meupe, ngozi imerudi, ulimi ndiyo usiseme. Kila alichokiona kwa macho kilimwambia huyu amepona, na kila alichokiona kwenye Mizani kilimwambia anakufa.

Nakiete alitoka jikoni na sahani ya makande yenye moshi, akamwekea mikononi bila neno. Huyu ndiye kioo, mama yake Kadiva, mke wa kaka yake Namsifu. Kaka mwenyewe alishafariki. Mawifi wale waligombana ujanani mwao wote mpaka ugomvi ukawachoka, na walipozikwa wote waliowagombanisha wakajikuta wamebaki wawili ua mmoja, hawawezi kula kama mwingine hayupo. Nakiete alikuwa mnyamavu. Akicheka alicheka na macho tu.

"Kula, mwanangu. Maneno utayamaliza baadaye."

Ndekirwa akatazama sahani. Kisha akatazama lile sufuria dogo, na sahani ya Namsifu pale chini, na mikono mitupu ya Nakiete. Kitu kikamgonga kichwani. Akamfuata jikoni.

"Mama Kadiva, hii sahani ni ya nani?"

"Si yako hiyo?"

"Mnapika ya watu wawili. Mimi nakula ya nani?"

Nakiete alijishughulisha na kuni. "Mimi siku hizi sisikii njaa. Utu uzima huu. Nimwage chakula na wewe upo?"

"Tangu lini?"

"Aah, tangu tumekuja. Labda na kabla."

Ndekirwa nusura amkumbatie. Kumbe! Mgonjwa anashiba, kioo anashinda na chai. Tofauti ya thelathini na nane haikuwa saratani, ilikuwa ni sahani, na sahani yenyewe ilikuwa tumboni mwake yeye, mlafi mkubwa, Mchaga asiye na haya! Akapata furaha na aibu kwa pamoja, hata hakujua ipi itangulie. Alikuwa amekaribia kumuua mtu kwa makande.

"Mama Kadiva, nakuomba. Kuanzia sasa tunakula watatu, sahani sawa, mbele ya macho yangu, na hakuna anayenyanyuka mpaka amalize. Pika zaidi, mahindi nitaleta mimi. Usiponisaidia, wifi yako anakatwa bure."

"Kwa wifi nitakula," alisema Nakiete. "Hata mawe."

"Na wewe mwenyewe unajisikiaje? Hujapungua?"

Nakiete akaweka ukuni chini, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Siku ya kwanza tulikubaliana nini?"

Ndekirwa alikumbuka. Kila kioo husomewa ahadi ya kituo kabla ya kutoa hata tone: damu yako itatumika kumsoma mgonjwa wako, haitasomwa peke yake, na lolote lako halitasemwa na yeyote isipokuwa uulize mwenyewe. Wengi huitikia tu. Nakiete alikuwa amemshika mkono. Alimweleza habari za mumewe, mwanaume wa kubeba magunia, aliyeambiwa hospitali fulani kwamba ana ugonjwa lakini una dawa, ana miaka mingi mbele. Alirudi nyumbani siku hiyo akalala kitandani, akageukia ukuta, na hakuinuka tena. Neno ndilo lililomwangusha, Nakiete alisema, ugonjwa ulikuwa haujafika hata nusu ya njia. Mkikuta jambo langu, mwanangu, libaki kwenu. Nakuomba.

"Nakumbuka," alisema Ndekirwa.

"Haya. Niache nipike."

*

Walikula. Ndekirwa aliketi katikati yao kila mlo, sahani tatu zimejazwa kwa upawa mmoja, Namsifu akimchokoza kwamba ameajiriwa kulinda maharage. Nakiete alimaliza sahani yake kila mara. Alikula kwa kujilazimisha, kijiko baada ya kijiko, jasho likimtoka juu ya mdomo, na mara moja alitoka nje akakaa huko kidogo kabla ya kurudi kumalizia. Ndekirwa aliona. Alijiambia tumbo lililozoea chai halizoei makande kwa siku moja.

Jumatano asubuhi alichukua damu zao, akaenda kwenye Mizani karibu anakimbia.

Arobaini na nne.

Alikaa chini. Akasimama. Akanywa maji. Haiwezekani, watu wamekula sawa mbele ya macho yake, mpaka punje! Labda mashine ndiyo mbovu. Kila asubuhi mpimaji huifungua Mizani kwa damu yake mwenyewe: anajichoma kidole, anagawa damu kwenye vichupa viwili, kimoja kushoto kimoja kulia, na mashine ikiwa na akili timamu inatoa sifuri, kwa sababu mtu hana tofauti na nafsi yake. Alikuwa ameshaifungua alfajiri. Akaifungua tena, kwa vichupa vile vile. Sifuri. Mzima kabisa, mshenzi huyu.

Akarudisha damu ya Namsifu upande wa kushoto, akafunga, akabonyeza.

Sita.

Ndekirwa aliruka. Alipiga kofi moja kubwa, akacheka peke yake chumbani mle kama mwehu. Sita! Safi! Kulikuwa na kosa la kijinga mahali fulani, limeondoka, mama wa watu hakatwi! Akafunua kifuniko atoe vichupa, na mkono ukaganda hewani.

Kichupa cha kulia kilikuwa na jina lake.

Alikuwa amesahau kukitoa. Mashine ilikuwa imempima Namsifu na Ndekirwa, na kuwakuta karibu sawa. Akili yake ikazunguka, ikagoma, ikazunguka tena. Inakuwaje mgonjwa afanane na mimi? Mimi si ndugu yake, si kabila lake, sijalala kwake. Halafu akaelewa: makande. Alikuwa amekula chungu kile tangu wamefika, mwanzo kwa ulafi na mwisho kwa ulinzi. Bila mtu yeyote kupanga, alikuwa ameshakuwa kioo wa pili. Na mbele ya kioo huyu wa pili, Namsifu alikuwa safi.

Sasa ile arobaini na nne ilikuwa ya nani?

Hakutaka kuimalizia fikra hiyo, lakini ilijimalizia yenyewe. Mizani haisemi ni nani, inasema tu kwamba wawili hawafanani. Ni watu ndio walioamua kwamba mwenye kasoro ni yule aliyepasuliwa.

Kichupa cha Nakiete kilikuwa pale pale mezani. Damu ya kioo huwekwa mbele ya mgonjwa wake tu, na ya mtu mwingine kamwe. Mpimaji akithubutu, amevunja ahadi ya kituo, hata asiposema kitu. Ndekirwa alikitazama kichupa kile kwa muda mrefu. Alijiambia asikiguse. Alijiambia pengine kitatoa nne, tano, moyo utulie. Alikuwa ameshakiweka kushoto huku bado anajiambia.

Arobaini na moja.

*

Daktari Senzighe alikuwa ananawa mikono.

"Namsifu ni safi," alisema Ndekirwa.

"Umejuaje?"

"Nimempima na kioo mwingine. Sita."

"Kioo gani mwingine? Nani?"

"Mimi."

Maji yaliendelea kumwagika. "Umekula nyumba ya chungu."

"Nimekula."

"Mara ngapi?"

"Daktari, wale ni Wapare, mimi ni mtani wao..."

"Sikukuuliza kabila!" Akafunga bomba. Uso wake ulibadilika polepole, na Ndekirwa aliona wazi pale hesabu ilipofika mwisho. "Kama Namsifu ni sita na wewe, basi yule..."

"Yule mwingine, nimempima na yeye, na..."

"Usimalize!" Mkono uliolowa ulipaa juu. "Ukimaliza hiyo sentensi nitakuwa nimejua, na mimi sitakiwi kujua. Wewe pia hukutakiwa. Unaijua hali ilivyokuwa kabla ya ahadi ile? Mtu anamsindikiza ndugu yake, anatoka hapa na ugonjwa wake mwenyewe. Wakaanza kutukimbia. Nimeona mama mzazi anakataa kuwa kioo wa mwanawe. Nimewahi kumpasua kijana kwa kubahatisha, nakata huku sijui nakata nini, kwa sababu ukoo mzima ulikosa mtu wa kukaa naye kwenye kile kijumba. Ukisema kwa huyu mmoja, watu watasikia. Milima hii haina siri."

"Kwa hiyo tumwache tu? Anatukondea hapa mbele yetu tunamwangalia?"

"Sijui!"

Ndekirwa hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Hata yeye alionekana kushangaa limetokea wapi. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Alhamisi imefutwa," alisema baadaye kwa sauti ya chini. "Namsifu anarudi kwao. Kuhusu lile lingine, akiuliza mwenyewe, mjibu, ahadi inaruhusu. Asipouliza, funga mdomo wako huo unaokula kila kitu. Na Mizani huigusi tena kuanzia leo."

"Na akifa bila kuuliza?"

Daktari Senzighe alifungua bomba, akaanza kunawa upya mikono iliyokwisha kuwa safi.

*

Nakiete alikuwa ameketi uani na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Namsifu alikuwa ndani amelala. Jua la mchana lilikuwa limetulia juu ya mabati ya nyumba za chungu, na kwenye kijumba cha jirani mtu alikuwa anakuna nazi huku anaimba wimbo wa kanisani.

"Wanamkata asubuhi au mchana?" aliuliza Nakiete bila kuinua kichwa.

"Hakatwi. Ni safi, Mama Kadiva. Nimehakikisha."

Ungo ulitulia. Nakiete alivuta ncha ya kanga akafunika uso wote, mabega yakamtikisika, na Ndekirwa akamwacha alie. Alipojifunua alikuwa anacheka kwa macho, machozi bado yanatiririka.

"Mungu akubariki mwanangu. Hujui umenipa nini."

"Nilichokifanya ni kidogo."

"Kidogo! Yule mwanamke akifa mimi nitagombana na nani?" Akarudi kwenye maharage yake, vidole vyepesi sasa.

Ndekirwa alivuta kigoda, akaketi. Alijaribu kutafuta pa kuanzia, hakupaona. "Hujaniuliza tofauti ilikuwa inatoka wapi."

"Sijauliza."

"Ilikuwa inatoka mahali."

"Kila kitu kinatoka mahali."

"Unaruhusiwa kuuliza, Mama Kadiva. Lolote. Ukiuliza, mimi nalazimika kujibu."

"Najua. Ulinisomea."

"Basi uliza." Sauti yake ilikuwa imeanza kusihi, aliisikia mwenyewe. "Uliza hata kwa utani."

Nakiete alichukua jiwe dogo kutoka kwenye maharage, akalitupa mbali. Alimtazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, kana kwamba mgonjwa pale alikuwa Ndekirwa. "Sina swali, mwanangu," alisema.

Basi. Nini tena? Ndekirwa alinyanyuka, akaaga, akaelekea kwenye geti. Nakiete ameomba asiambiwe, hakuambiwa. Daktari amesema funga mdomo, umefungwa. Kila mtu amepata alichotaka. Lakini alikuwa na hakika gani kwamba yule marehemu mumewe aliangushwa na neno? Labda alianguka kwa sababu alikuwa mwoga, au amechoka, au mapenzi ya Mungu. Na kama Nakiete naye ataugeukia ukuta? Na kama hataugeukia, akaponywa, akazeeka akigombana na wifi yake? Neno lile lile lingeweza kumuua na lingeweza kumwokoa, na hakukuwa na mashine yoyote duniani ya kumwambia lipi. Alifika getini. Akashika komeo. Akasikia kikohozi kifupi nyuma yake, cha mtu anayezuia kutapika.

"Ni wewe!" alipiga kelele.

Hata hakujua kama alikuwa amegeuka. Alijikuta anamtazama, ua mzima uko katikati yao, na mtu wa nazi ameacha kuimba.

"Mama Kadiva, ni wewe! Si yeye, ni wewe, na bado mapema, inawezekana, nakuapia..." Pumzi zikamwishia.

Nakiete aliweka ungo chini taratibu sana, punje isimwagike. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Nilikuomba," alisema.

Si kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira Ndekirwa angepumua. Alifungua mdomo aseme samahani, na samahani yenyewe akaona haina pa kukaa.

Mlango wa kijumba ulifunguliwa kwa kishindo. Namsifu alitoka kanga imefungwa vibaya, nywele zimesimama, mkono mmoja ubavuni.

"Nani? Ni nani? Anapiga kelele za nini huyu Mchaga, watu tumelala! Wifi, amesema nini? Niambie kabla sijaanguka hapa. Amesema nini?"

Nakiete alimtazama Namsifu. Kisha akamtazama Ndekirwa, muda mrefu kiasi kwamba Ndekirwa alijua kabisa Namsifu sasa atasikia yote, na ua wote utasikia, na kesho milima yote itasikia. Kisha Nakiete akasimama, akakung'uta maganda kwenye kanga yake.

"Amesema umepona, wifi," alisema. "Hukatwi. Tofauti imeshuka."

Namsifu alisimama kimya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Midomo ikamcheza. Halafu kigelegele kikamtoka, kirefu, cha kupasua mabati, na kutoka kijumba cha jirani kingine kikaitikia, na kingine kule mwisho, wanawake wakatoka na miiko mikononi bila hata kujua sherehe ni ya nini. Nakiete naye akapiga kigelegele. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, huku anamsogelea Ndekirwa, na alipomfikia akamkamata mkono juu ya kiwiko, kucha zikazama.

"Mwache kwanza afike kwao," alisema sikioni mwake, kelele zimewazunguka. "Kadiva atakuja kumchukua. Mimi nitasema nina shughuli hapa. Wewe utanipeleka kwa yule daktari, na utakaa pale mlangoni mpaka nitoke. Umesikia? Umenitwisha, hunikimbii."

"Sikukimbii," alisema Ndekirwa.

"Na mbele ya huyu ukilitamka tena, nakuua kwa mkono wangu."

Akamwachia. Namsifu alikuwa tayari anawajia, mikono wazi, uso umelowa, akamkumbatia Ndekirwa mpaka akasikia kovu lake gumu kwenye mbavu. "Asante, mtani," alikuwa analia. "Asante kwa kutuambia. Wengine wangenyamaza, wangetuacha na hofu."

Namsifu alimwacha, akamshika wifi yake mikono yote miwili, akamvuta katikati ya ua, na Nakiete akacheza.